Barafu ya Kioo na Barafu ya Maziwa

Barafu niliyoijua kabla ya kuajiriwa ilikuwa ile ya mfuko, nyekundu, tuliyoinyonya wakati wa mapumziko, inayokuacha na ulimi mwekundu kiasi kwamba mwalimu wa kipindi kinachofuata anajua ulikuwa wapi. Mama aliyetuuzia pale Ilomba aliigandisha kwenye friji moja na mboga za nyumbani kwake, kwa hiyo kuna siku ilinukia samaki. Hiyo ndiyo elimu yote ya barafu niliyokuwa nayo siku niliporipoti kazini Mufindi.

Nawaandikia ninyi mlionizunguka siku ya kuniaga, mkaniuliza nimewezaje kukaa miaka yote hiyo nikitazama maji yaliyoganda. Siku ile muziki ulikuwa mkubwa na kuku walikuwa wanapoa, nikawajibu kwa mkato. Sasa nina nafasi. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili langu pale ofisini. Faili hilo halina utamu, nimeliacha hukohuko.

Kituo cha hali ya hewa cha Mufindi kilikuwa kidogo, nyumba chache katikati ya mashamba ya chai, na ukungu uliokuwa unaingia ofisini bila kubisha hodi. Nilipokelewa na Mzee Kikoti, mpimaji wa hali ya hewa, Mhehe wa Kalenga, mrefu, aliyevaa koti la sufu lililomfika magotini. Nilikuwa nimejifunza salamu ya kwao njiani, kwenye basi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, binti. Umetoka Mbeya, eh? Basi baridi unaijua."

"Naijua, baba."

"Hapana. Unajua kutetemeka. Baridi bado."

Kesho yake asubuhi mapema alinipeleka kwenye kibanda cheupe cha mbao kilichosimama kwa miguu minne uwanjani. Ndani mna vipimajoto. Akaniambia nisome. Nikasoma: nyuzi nne juu ya sifuri.

"Leo kuna barafu?" akauliza.

"Hakuna. Maji yanaganda kwenye sifuri."

"Umesoma vizuri. Haya, lala chini."

"Nilale?"

"Hapo kwenye nyasi. Kifudifudi. Usiogope, mimi natazama kule."

Nilikuwa nimevaa sketi mpya, ya siku ya kwanza ya kazi. Nikalala. Nyasi zikalia chini yangu kama chapati kavu inayovunjwa. Nilipofungua macho nikaona kila jani limeotwa na vijisindano vyeupe, vimesimama vyote kuelekea juu, vizuri mno, na shavu langu likaanza kufa ganzi. Karibu na pua yangu kulikuwa na kipimajoto kingine kimelazwa juu ya nyasi. Kilikuwa chini ya sifuri.

Mzee Kikoti akanieleza nikiwa bado nimelala, nadhani ili nisisahau. Usiku usio na mawingu nyasi hupoteza joto lake angani, hakuna wa kulirudisha. Hewa iliyozigusa nayo inapoa, inakuwa nzito, inatiririka taratibu kwenda mabondeni kama maji yasiyoonekana. Juu, kwenye urefu wa mtu, unaweza ukasimama kwenye nyuzi nne na kufurahi. Chini ya magoti yako kunaganda.

"Chai haina urefu wa mtu," akasema. "Pima pale mmea unapoishi. Sasa inuka, utaugua."

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa na kila nilichokipima baadaye nimekipima kwa kanuni hiyo. Kingine alichonifundisha ni kubana pumzi wakati wa kusoma kipimajoto, kwa sababu pumzi ya mtu inakipandisha. Mpaka leo nabana pumzi nikisoma kitu chochote cha maana, hata tarakimu za luku ya umeme.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Mbeya, na huko ndiko nilikokutana na Daktari Atupele. Alikuwa mwanafizikia, mzaliwa wa Tukuyu, mdogo kwangu kwa umri, aliyesomea barafu katika nchi ambazo barafu ipo ya kutosha hadi inawakera. Watu walimshangaa. Mkuu wa kituo alimuuliza mbele yetu mbona mtaalamu wa barafu amerudi nchi ya ndizi.

"Kwa sababu mvua ya mawe inazipiga ndizi hizo," akajibu. "Nataka kuyafungua mawe yake nione ndani."

Alipewa kontena la baridi, lililokuwa la kusafirishia maua, likawekwa nyuma ya ofisi. Nikateuliwa mimi kuwa msaidizi wake, kwa sababu ilisemekana nimezoea baridi. Tulivaa makoti mawili mawili na soksi ndefu za mpira wa miguu. Nje watu wanatembea na kandambili, sisi tunaingia kazini kama tunakwenda mwezini.

Mawe tuliletewa na wakulima. Tuliwagawia chupa za chai na kuwaomba: mvua ya mawe ikinyesha, okota makubwa, funga, piga simu. Dereva wetu, Ambele, anakimbia kuyafuata. Mara ya kwanza alipotumwa alirudi na chupa tupu na uso mkavu.

"Mawe yako wapi?" nikamuuliza.

"Kulikuwa na joto barabarani, dada. Nikayatia kwenye soda."

"Ambele!"

"Nilidhani mengine yataletwa. Ni barafu tu, jamani."

Daktari Atupele hakugomba. Alimwingiza Ambele ndani ya kontena akiwa na shati la mikono mifupi, akamwonyesha kazi yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku hiyohiyo Ambele akawa mlinzi mkali wa mawe kuliko sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unalichukua jiwe la mvua, unalikata katikati kwa waya mwembamba uliopashwa moto kidogo. Nusu moja unaibandika kwenye kipande cha kioo kwa tone la maji, tone linaganda, linashika. Halafu unaanza kuipiga randa kama seremala, taratibu, mpaka ibaki ngozi nyembamba ambayo ukiiweka juu ya gazeti unasoma. Mkono usitetemeke, usipumulie, usiongee. Ukimaliza unakuta mistari ya duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Tabaka moja angavu kama kioo, linalofuata jeupe kama maziwa, tena kioo, tena maziwa.

"Palipo na kioo," Daktari Atupele alinieleza, "maji yalikuwa mengi, yakaganda polepole. Hewa ilipata nafasi ya kutoka. Palipo na maziwa, maji yalikuwa kidogo, yakaganda ghafla, hewa ikafungwa humo ndani. Huo weupe wote ni viputo tu."

Kisha akakiweka kile kipande kati ya mabamba mawili ya plastiki nyeusi ya kuchuja mwanga, akawasha taa nyuma yake. Nilidhani ameniwekea picha ya kanga. Vipande vya zambarau, manjano, samawati, vimepangana bila kuachiana nafasi. Kila rangi ni fuwele moja ya barafu, imelala upande wake, na mwanga unapita ndani yake kwa namna yake. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nikapiga kelele. Mvuke wa pumzi yangu ukatua juu ya kioo na kipande kikaharibika. Tukaanza upya.

Siku nyingine alitoa chupa ya maji safi iliyokuwa imelala ndani ya kontena tangu jana yake. Kipimajoto kilichochomekwa ndani kilisoma nyuzi tano chini ya sifuri, na maji yalikuwa maji, yanacheza. Nikamwambia kipimajoto kimekufa.

"Gonga," akasema.

Nikaigonga kwa ukucha. Barafu ikakimbia ndani ya chupa kutoka juu hadi chini kama moto kwenye majani makavu. Lakini yeye hakuwa anaitazama barafu.

"Soma kipimajoto, dada Tusajigwe."

Kilikuwa kimepanda. Kutoka nyuzi tano chini, kikaruka hadi sifuri, kikatulia hapo.

"Imeganda, halafu imepata joto?"

"Imepata joto kwa sababu imeganda. Ili uyeyushe barafu unaipa joto, si ndiyo? Basi maji yakiganda yanalirudisha. Na maadamu bado kuna maji na barafu pamoja, hapo joto halitashuka chini ya sifuri. Mpaka maji yaishe."

Niliielewa asubuhi ile kwa kichwa. Kuielewa kwa tumbo kulikuja baadaye, kule juu kwenye safu ya milima ya Uporoto.

Kulikuwa na kikundi cha wakulima wa mbegu za viazi, wengi wao akina mama, wakiongozwa na mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, Mama Sekela. Walilima shamba moja la pamoja kwenye mteremko, kila mmoja na matuta yake. Mwaka uliotangulia barafu ya mwezi wa saba iliwachukulia karibu shamba lote. Mbegu walizokuwa wameziweka kando ndizo zilizokuwa ardhini sasa. Zikifa hizo, hakuna nyingine, na kikundi kinavunjika.

Tulikuwa tumejaribu pale kituoni, kwenye kitalu kidogo, kuinyunyizia mimea maji alfajiri ya barafu. Ilifanya kazi. Kitalu kile ungeweza kukifunika kwa shuka mbili. Mama Sekela alikiona, akaniambia, "Njoo ufanye kwetu." Daktari Atupele alikubali, ila wiki ile mbingu ilipokuwa safi na kipimajoto cha nyasi kinashuka kila siku, yeye alikuwa mkutanoni mbali, simu haipatikani. Nikaenda na Ambele.

Pampu na vinyunyizio tuliazima kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake, kisha akaingia kwenye mpunga. Pampu yake hakumwamini nayo mtu, akapanda nayo mwenyewe, amevaa makubazi na kujifunga mashuka mawili.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu, meno yanagongana. "Huku wanaishi watu au mnawaleta mchana tu?"

"Tunaishi, Msukuma," Mama Sekela akamjibu. "Ninyi mlizoea joto la ng'ombe."

Alfajiri tukawasha. Vinyunyizio vikaanza kuzunguka, na kulipopambazuka tukaona tulichokifanya. Shamba zima lilikuwa limegandishwa. Kila jani la kiazi limo ndani ya barafu, mashina yameinama kwa uzito, matone yananing'inia kama hereni. Wanakikundi walikuwa wamefika kwenye kingo za shamba. Kisha Mama Sekela akaingia kati ya matuta, akagusa jani, likalia kama kioo.

"Mama," akaniambia polepole, "mwaka jana barafu ilikuja yenyewe. Mwaka huu tumeimwagilia."

"Bado viko hai, Mama Sekela."

"Viko hai wapi? Hivi si nyama ya buchani hii? Mwambie azime mashine."

"Tukizima sasa ndipo vitakufa."

Masanja alikuwa ameshaweka mkono kwenye pampu. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. Hapo ndipo tumbo lilipoelewa. Nilikuwa nimewaambia watu watie maji juu ya mali yao ya mwisho kwenye baridi ya kugandisha, kwa sababu ya chupa moja niliyoigonga kwa ukucha.

Nikamshika Mama Sekela mkono, tukachuchumaa. Nilikuwa na kipimajoto chenye ncha nyembamba, nikakichomeka kwenye barafu hadi kwenye kikonyo cha jani. Nikabana pumzi. Naye akabana, bila kuambiwa. Sifuri. Nikakitoa nikakiinua hewani: nyuzi tatu chini.

"Nje ni baridi kuliko ndani?" akauliza.

"Ndiyo. Maji yanayoendelea kuganda yanalipa jani joto. Jua likifika hapa na barafu ikianza kudondoka yenyewe, tutazima."

Akainuka, akakaza kitenge. "Msukuma! Toa mkono kwenye mashine!"

Nilishukuru mapema mno. Nilipotembea kuelekea chini, karibu na chemchemi, nikaona rangi imebadilika. Juu, barafu ilikuwa angavu, unaona ukijani wa jani ndani yake. Chini ilikuwa nyeupe. Maziwa. Sikuhitaji kipimajoto, nilikuwa nimepiga randa mawe ya mvua miaka mingi. Maji yalikuwa hayatoshi, yanafika kidogo na kuganda ghafla. Baridi yote ya mteremko ilikuwa imetiririka ikalala pale bondeni, na vinyunyizio vya katikati navyo vilikuwa vimeanza kukwama kwa barafu.

Akina mama walikuwa wamepika sufuria kubwa la chai ya rangi pembeni ya shamba. Ambele alilibeba akawa anakimbia nalo kutoka kinyunyizio hadi kinyunyizio, anamimina, kinakohoa, kinazunguka. Chai yote ikaishia hapo, na iliyokuwa na tangawizi. Vya katikati vikapona. Chini weupe ukazidi.

"Maji hayatoshi shamba zima," nikawaambia. "Tukifunga bomba la chini, presha itapanda, huku juu na katikati patapona. Tusipofunga, nahofia tutakosa pote."

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Matuta ya chini ni ya Mama Sekela."

Sikulijua hilo. Ningelijua sijui kama ningesema vilevile. Mama Sekela alikuwa amesimama palepale, anayatazama. Alikuwa amechagua chini kwa sababu udongo wake ni mweusi, mzuri.

"Chini yote?" akaniuliza.

"Yote, mama."

Hakutaka mtu mwingine aende. Alishuka mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope lililoganda, akaizungusha koki mpaka mwisho. Vinyunyizio vya chini vikapunguza mwendo, vikasimama. Vya juu vikarusha maji mbali kuliko mwanzo. Alipopanda kurudi, Masanja alivua shuka lake moja, akamfunika nalo mabegani bila utani wowote.

Jua lilipoufikia mteremko, barafu ilianza kulia, tiki tiki, kisha ikawa inadondoka vipande vipande, na chini yake majani yakajinyanyua, mabichi, yanang'aa. Mashina machache yalikuwa yamevunjika. Watu walitembea kati ya matuta wakiyagusa na kucheka kama waliokuta pesa kwenye koti la zamani. Ilipofika mchana matuta ya Mama Sekela yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Alikwenda kuyaangalia mara moja, kisha akaja kutupikia chai nyingine.

Siku ya kuvuna tulialikwa. Masanja naye alipanda kutoka Usangu na gunia la mchele, safari hii amevaa koti la mtumba lenye manyoya shingoni, la kike, na hakuna aliyemwambia. Kabla ya kupima chochote, kila mwanakikundi alileta beseni la mbegu zake akalimwaga mbele ya Mama Sekela. Hawakuwa wamemwambia. Rundo likakua mpaka likawa refu kama meza. Mama yule mwenye sauti kubwa akawagombeza kwamba wamemchanganyia aina mbili za mbegu.

Jambo la mwisho ninalowaandikia ni la mwaka huu, nilipokuwa nimeshastaafu. Asubuhi moja ya mwezi wa saba niliamka nyumbani na vioo vya dirisha vina ubaridi ninaoujua. Nikampigia Mama Sekela. Nyuma ya sauti yake nilisikia pampu inanguruma.

"Tunamwagilia tangu alfajiri," akasema. "Hatukukuita. Si umestaafu? Pumzika."

Nilipumzika muda wa kuvaa viatu. Nilipofika kule juu jua lilikuwa linakaribia mteremko, na shamba, ambalo sasa ni kubwa maradufu, lilikuwa limesimama lote ndani ya barafu angavu, juu hadi chini, hakuna tone la maziwa. Pampu zilikuwa mbili. Kuzunguka shamba walikuwa wamefunga kamba. Nikainama nipite chini yake nikaguse walau jani moja.

"Mama! Mama!" Ilikuwa sauti ya msichana mmoja wa kikundi, nisiyemfahamu, ameshika kipimajoto kama fimbo ya ualimu. "Usiingie. Mashina yakiganda yanavunjika. Subiri hapo nje, jua likifika tutakuita."

Mama Sekela alikuwa upande wa pili wa shamba. Aliniona, akaona nilipozuiliwa, akashika kiuno na kuangua kicheko kilichofika bondeni. Hakumwambia binti yule lolote.

Nikarudi nyuma ya kamba, nikaweka mikono mfukoni, nikasubiri kuitwa.